Jicho la Chini

Mirongo, Mwanza
4 Machi 1995

Dada Justa,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua. Mama yuko Kamanga, kifua bado kinamsumbua, anakusalimu sana. Shemeji ameanza kuukunja ule mkono?

Tangu kiwanda cha Nyakato kitufungie lango, nakula kwa kupiga picha. Sasa kila mtu ana kamera ndogo kama yangu, tena ya rangi. Soko huria, dada! Na picha ya mkanda mdogo ukiikuza ya kutundika ukutani, uso unakuwa kama uji wenye mabonge. Mzee Lukman mwenye studio anarudi kwao Tabora. Nimempa kamera yangu, naye kanipa yake kuukuu ya mkanda mpana. Ina macho mawili: la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Unainama kama unachungulia kisima. Picha zake nimeziona. Unaweza kuhesabu nyuzi za kilemba.

Mdogo wako,
Luhaga

Temeke, Dar es Salaam
2 Aprili 1995

Mdogo wangu Luhaga,

Marahaba. Mkono wa shemeji yako bado, ila ulimi unarudi. Jana kaniita jina.

Mbona hukuniuliza? Ungebaki kwanza na ile ndogo. Kamera ya mtu ni kama ng'ombe wa mnadani, hujui kwa nini anauzwa. Basi, maji yameshamwagika. Nakutumia mikanda miwili mipana. Mmoja tafutia riziki. Wa pili mpige mama. Tangu shemeji yako apooze sijatia mguu huko, na sina picha ya mama hata moja.

Dada yako,
Justa

Mirongo
28 Mei 1995

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo.

Mikanda imekwisha yote! Wa kwanza nimepiga harusi ya binti wa Mihayo. Wa pili nimevuka nao Kamanga. Mama alivaa kitenge chako cha kijani. Duka jipya la picha hapa mjini, mashine yao inameza mkanda mdogo tu, kwa hiyo nimempa jirani yangu Hellen, anakuja huko kwa treni. Isafishe yote huko. Kifua cha mama kimezidi, lakini anakula.

Luhaga wako

Temeke
6 Julai 1995

Luhaga,

Pole. Nipe pole na mimi. Simu yako ya maandishi ilinifikia mkiwa mmeshamzika mama.

Nilikwenda kuchukua picha nikijua ndizo zilizobaki. Fundi akainua mikanda kwenye mwanga, mmoja, kisha wa pili. Myeupe, kama kioo cha dirisha. "Dada, hapa hamna kitu." Nilipomweleza kamera yako, akasema vibati vya ndani ya lenzi ya chini viliganda, havikufunguka. Anayepiga hawezi kujua, maana anatazamia la juu. Nilimwambia atazame tena. Akatazama tena.

Nakulaumu, kisha nashindwa kukulaumu. Lakini wewe ulimwona. Niandikie alivyokuwa.

Justa

Mirongo
19 Septemba 1995

Dada Justa,

Shikamoo. Nisamehe kimya.

Binti wa Mihayo alikuja na mumewe. Hakutukana. Alikaa kizingitini akalia, nikakosa pa kuuweka uso. Fundi wa kamera hapa hayupo. Sasa nabeba sangara wanaoshushwa mwaloni Kirumba. Picha sipigi tena.

Umeniuliza mama alivyokuwa. Alikonda, dada. Kitenge alikizungusha mara mbili. Alikaa kwenye kile kiti cha baba, mikono magotini, akawa hajui aangalie wapi. Nikamwambia, "Angalia hapa, mama, kwenye jicho la chini. Justa yuko humo." Akaacha kukohoa. Akaniuliza, "Nilivyo hivi, atanitambua kweli?" Nikamwambia, "Atakutambua mara moja, mama." Akanyoosha shingo, akatulia, akangoja mpaka nilipomaliza mkanda wote.

Mdogo wako,
Luhaga