Shati la Delmer

Laurel Fork, West Virginia
2 Desemba 1987

Mpendwa Baba mdogo Hobart,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Vipi baridi ya huko Alaska, na lile goti limekuachia? Huku tu wazima. Kikohozi cha mama kimepungua, na mimi, kusema kweli, sijawahi kuwa mzima kama wiki hii.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba mwaka jana nilimkosa kulungu kwa bunduki ya marehemu baba, wakanikata kipande cha shati kama ilivyo desturi ya kambi yetu ya uwindaji kwa anayekosa shabaha. Kukatwa si neno. Lakini shati nalo lilikuwa la baba, na shemeji Delmer alipokuwa akikipigilia kile kipande ukutani aliwaambia watu wote, "Bunduki hii ilikufa na mwenyewe. Shemeji, itundike juu ya jiko uanikie soksi." Walicheka, hata dada Arlene, mkewe. Nikasema moyoni, utanitambua.

Kosa halikuwa la bunduki. Baba alikuwa akijijazia risasi mwenyewe, mimi nikaipa za dukani. Basi kiangazi chote nilishinda kwenye meza yake kule chini ya nyumba, napima baruti kwa mizani yake, nakandamiza risasi kwenye ganda, naenda kondeni kujaribu, narudi kubadilisha kidogo. Mwishowe matundu matatu yakaingiliana kwenye karatasi ya shabaha, ukiyafunika kwa kifungo cha koti huyaoni. Nililia pale kondeni peke yangu.

Delmer akaiona ile karatasi. Wala hakuomba, aliamuru nimpe risasi zilezile, maana bunduki yake ni ya saizi moja na yangu. Wewe unajua, kila bunduki huchagua chakula chake. Kinachoipendeza hii, ile hukitema ovyo. Yeye hajui, na kuuliza ni aibu kwake. Nikampa. Zilikuwa salama, nilihakikisha, sina haja ya kumfanya dada mjane. Hata kuzijaribu hakuzijaribu.

Siku ya kwanza ya msimu, kulungu dume akasimama ng'ambo ya bonde, ubavu wazi, kambi nzima inatazama. Delmer akafyatua. Gome la mti likaruka mbali kabisa na mnyama, naye akainua mkia akaenda zake. Shemeji akanigeukia amewiva uso.

"Umezifanya nini risasi hizi?"

"Ndizo ulizotaka, shemeji. Geuka nikukate."

Nilikata polepole, mpaka karibu na kola. Shati lenyewe jipya, Arlene alimshonea. Jioni nikamwangusha dume mwingine kwa bunduki ya baba, risasi moja tu.

Kipande cha shati la baba nimeking'oa ukutani nikakishona mahali pake, na shati ndilo nimevaa nikikuandikia. Arlene anasema nimezidi, nikamwombe mumewe radhi. Labda mwakani.

Nisalimie mama mdogo Opal na binamu Wendell, Mungu awakinge na baridi hiyo. Humu ndani nimekuwekea kipande cha shati la Delmer. Kikate vitambaa vya kusafishia mtutu, na kila kitakachotoka cheusi, unikumbuke.

Mwanao akupendaye,
Nola