Mama Ananiongoza Kutua

Kilimatinde, Jumapili

Dada Raheli,

Shikamoo. Huku mvua imegoma na alizeti ya Mama imenyauka, ila mbuzi wamezaa. Mimi bado nimejitenga chumba cha uani na hiki kifua kikuu sugu. Mama huniwekea ugali dirishani, kisha anarudi nyuma.

Nimechora ukutani kwa mkaa vipimo vyote vya ndege: cha mwinuko, cha mwendo, na dira. Kila jioni nakaa kwenye kigoda mbele ya ukuta huo, najizoeza kurusha ndege ndani ya mawingu, nisije nikasahau kazi. Mama ndiye mwongoza ndege wangu. Anasimama kule jikoni anapaza sauti: "Leonidas, upepo umetulia. Shuka taratibu, baba." Majirani wanacheka. Yeye hacheki.

Juzi daktari alinipigia simu kuhusu picha ya kifua. Pafu la kushoto limeharibika lote. Hata nikipona, sitarusha ndege tena. Mama nimemwambia picha ni nzuri.

Tafadhali usimwambie. Niishie hapa, maana ananiita. Ameshaanza kuwafukuza mbuzi uani ili nipate pa kutua.

Mdogo wako,
Leonidas