"Hii Mnaijua": Kwa Mama Hildegarda Bonifas wa Kilosa

Mama, mwaka mmoja umetimia tangu ulipotutoka, baada ya kuugua siku mbili tu. Fremu yako ya kuchapia bado imeegemea ukuta wa barazani. Hakuna aliyeisogeza.

Ulikuwa mtu wa kadi. Ulichapa majina kupitia kitambaa chembamba cha fremu, ukisukuma wino kwa raba mara moja tu, bila kurudia. Wino ukikauka, uliilaza kadi juu ya kitu chenye mikwaruzo na kuisugua kwa krayoni mpaka sura ya kitu hicho itokee: gome la mti wa Magole, gunia la mkonge la Rudewa, jani la mgomba wa jirani. Wageni wa mbugani Mikumi walizinunua. Waliopewa bure kwenye ubatizo na misiba ni wengi zaidi.

Kadi ya kwanza ya kila alama uliiweka kuwa sampuli, na nyuma yake uliandika kwa penseli mahali ulipoisugulia. Hukuwahi kusahau. Ndiyo maana kadi za harusi ya binti yako Irine zinatuchanganya.

Ulichapa majina ya maharusi kwenye kadi zote mia moja. Nafasi ya tarehe uliiacha wazi, ukasema, "Tarehe hubadilika." Ulisugua kadi sitini na tatu, kisha ukaugua. Alama iliyotokea ni vistari vifupi vinavyopishana, na pembeni pana pengo dogo kama ukucha. Tuliigeuza sampuli. Uliandika maneno mawili: "Hii mnaijua."

Hatuijui, Mama.

Tumesugua mlango, kinu, mkeka, hata soli za viatu. Baba alisema ni ukuta wa ghala la mkonge la Rudewa, mlikokutana. Mama mdogo Devota akamcheka: "Shemeji, huo ni ungo wa mama yetu. Utaujulia wapi, na hujapepeta hata siku moja?" Nickson anaapa kuwa ni keria ya baiskeli uliyompakia kwenda shule. Irine anasema ni kikapu ulichomletea chakula alipolazwa. Kila mmoja alisugua chake. Kila kimoja kilifanana kidogo. Hakuna kilicholingana.

Harusi ni mwezi ujao. Tulimshauri Irine zilizobaki zimaliziwe dukani. Alikataa. "Kadi ya Mama haimaliziwi na mtu asiyemjua," alisema. "Afadhali tukosee wenyewe."

Basi tutakosea wenyewe. Jumamosi, baada ya misa yako, kila mmoja wetu wanne atasugua kadi tisa kwa kitu anachokiamini. Utusamehe. Pembeni mwa picha yako, hapo juu ya tangazo hili, tumeweka alama yenyewe. Atakayeitambua tunamwomba aje atuambie, kwa maana sisi tuliopaswa kuijua tumeshindwa.

Itabaki kadi moja. Hiyo hatutaisugua. Tumeiweka juu ya meza yako, na krayoni kando yake.

Unakumbukwa na mumeo Bonifas, wanao Nickson na Irine, mdogo wako Devota, na majirani wote wa Kilosa na Mikumi waliowahi kupokea kadi kutoka mkononi mwako.

Hatutakusahau kamwe, Mama, wala hatutaacha kuitafuta.