Kufuli la Choo cha Mtaa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole na kazi. Mgongo umetulia? Wifi na watoto nao hawajambo? Mimi mwili hauna neno, ila moyo una mzigo.

Kile choo cha mtaa kilichojengwa na shirika la nje kilinipa kazi ya usimamizi, na zaidi ya kazi kilinipa watu. Asubuhi foleni ilijaa gumzo. Fundi viatu hakuchoka kunitania, eti mimi ni malkia ambaye kiti chake cha enzi hukaliwa na kila mtu. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nyumbani nalala peke yangu.

Kisha tukaambiwa wakaguzi wa shirika wanakuja, na wakiridhika watatandaza bomba la majitaka mtaa mzima. Mlango ukatiwa kufuli ili choo kisichafuke. Wageni wakaahirisha wiki ya kwanza, ya pili, hadi ya tatu. Walipofika, vigae vilimeremeta! Lakini hata hawakuvitazama. Walikwenda moja kwa moja kwenye kile kidude cha mlangoni kinachohesabu wanaoingia, wakakuta kwa wiki tatu hakuna aliyeingia. Kiongozi wao, mama mpole kabisa, akasema hawakuja kutafuta vigae, walitaka kuona watu waliobadili mazoea, na hapa watu wamerudia kujisaidia kwenye mifuko na mitaro. Bomba likapelekwa mtaa mwingine.

Basi watu wakamshukia mwenyekiti wa mtaa, kwamba ndiye aliyeamuru choo kifungwe. Aliapa hajui lolote, nani amsikilize? Wamemvua uenyekiti, na mkewe hasalimiwi hata dukani.

Kaka, hakukuwa na amri. Nilikifunga mwenyewe. Niliogopa kikichafuka wataniona mvivu, waniondoe, nirudi kuongea na kuta. Watu walipogonga, nikasema ni agizo la mwenyekiti, na baada ya hapo ulimi ukawa mzito. Ametukanwa mbele yangu, nami nimekaa kimya kama sisikii. Najichukia, kaka.

Jumapili kuna mkutano wa mtaa, na nitasimama niseme yote. Sikuombi unitetee. Njoo tu ukae karibu nami, maana najua nikishasema hakuna atakayekaa.

Nisalimie wifi, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi, mdogo wako.