Baba, Mfuko Ulioukataa Nimeuvaa Mimi

Baba yangu,

Miaka mitatu tangu tukuzike, na bado nina hasira nawe. Nakupenda, lakini leo hasira itasema kwanza.

Unakumbuka nilivyokuletea ugali na ndagala, vile visamaki vya ziwani, gerejini kwako mtaani Mutakura? Ulikula umesimama, kukaa kulikuuma. Ukasema ni bawasiri. Mwaka mzima bawasiri, huku unakonda. Nilipoona damu chooni ulinishika mkono: "Usimwambie mama yako."

Daktari aliyekupima kwa mpira wenye kamera hakuficha. Saratani, mwishoni mwa utumbo mpana, bado inaweza kukatwa. Ila njia ya haja ingefungwa, choo kitokee tumboni, kwenye mfuko, maisha yote. Ulisimama. "Apana, dokta. Mi mutu wa kuswali. Siwezi kusimama mu safu na mavi ku tumbo." Nilikusihi mpaka sauti ikakauka. Ulirudi kwenye injini zako. Miezi minane baadaye utumbo uliziba, tumbo likajaa, na hapo hakuna daktari aliyeweza kitu.

Basi sikia. Mwaka jana niliona damu kwenye choo changu mwenyewe. Wiki hiyohiyo nilikuwa mbele ya daktari yuleyule. Alipoikuta saratani ileile, alianza kunieleza taratibu, akiogopa nitaondoka kama wewe. Nikamkatiza: "Kata."

Sasa nina mfuko, Baba, upande wa kushoto. Wiki za kwanza nililia kila nilipousafisha. Unanguruma unapotaka, hata watu wakiwa kimya matangani. Shangazi alinikataza kwenda arusini: "Watu watasikia harufu, mutoto wangu." Nilienda. Mwanamke mmoja akaanza kunong'ona. Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya gauni langu, palepale penye mfuko. "Huu ndio umenibakisha. Una swali?" Akauvuta mkono wake. Lakini kabla ya wali kuletwa, wanawake wawili walinifuata pembeni kuniuliza kuhusu damu wanayoiona chooni.

Kisha nilimpelekea imamu wako swali ambalo wewe hukumuuliza. Hakufikiri hata kidogo. "Mgonjwa anatawadha kwa kila swala, anaswali. Nani alimwambia baba yako Mungu atamkataa?" Nililia njia nzima. Jibu lilikuwa msikitini, ng'ambo ya barabara kutoka gerejini kwako, Baba. Ungevuka tu.

Daktari alitaka na ndugu zangu wapimwe. Swedi, kitinda mimba wako, akakunja uso kama wewe. "Mi siumwi kitu, dada."

"Baba pia alisema hivyo. Sasa yuko wapi?"

Akavaa viatu, tukaenda akapimwe.

Walikuta kinyama kidogo kilichoota utumboni, bado hakijageuka saratani. Wakakikata kupitia mpira uleule, bila kisu. Siku hiyohiyo alikula nyumbani, akaomba aongezewe.

Pumzika, Baba. Tutachelewa sana kukufuata, na hatutaona haya.

Binti yako mkaidi,
Zaina