Injini Ambayo Haijafunguliwa

Mjukuu wangu Kamau,

Huku Kayole tu wazima, ila goti la shosho yako linamsumbua. Umeniuliza kama ununue lile gari kuukuu la spoti kwa akiba yako ya chuo.

Mimi nililinunua la kwangu nikiwa mwanafunzi, ili nimringie shosho yako nikimpeleka soko la Burma kula nyama choma. Muuzaji aliniapia, "Boss, hii injini haijawahi kufunguliwa." Nikadhani nimepata injini isiyowahi kuharibika. Lilipozima njiani tukienda huko nikajua maana yake: boneti ilikuwa imeshikana kwa kutu, haifunguki hata kwa nyundo.

Shosho yako akavua viatu vyake virefu, akasukuma. "Wewe kaa hapo kwa usukani," akasema, "angalau ufanane na dereva."

Sikukatazi, lakini boneti ifunguliwe mbele yako. Tulipofika Burma shosho yako aliniambia angekuja hata kwa miguu, mradi ningemwambia mapema avae raba.

Guka wako