Karatasi Haikohoi

9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu. U mzima huko? Unakula, unalala? Mimi mzima, ukiacha magoti, ambayo tangu wiki iliyopita yanalia kama bawaba zisizotiwa mafuta. Kwa nini, utajua sasa hivi.

Leo ni siku ya ishirini na tisa tangu tumzike baba. Nahesabu kwa sababu siku hiyohiyo, tulipotoka makaburini, wewe ulikanyaga pakiti yako kwa kisigino na mimi nikaitupa yangu kwenye pipa, tukasema mzee awe wa mwisho katika ukoo huu kufa akitafuta pumzi. Tangu hapo sijagusa sigara. Sikufichi, imekuwa kazi. Nimevuta miaka thelathini na moja. Kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ikifika saa nne na mashine zikizimwa, mikono yangu inajipapasa mifukoni yenyewe kama imepoteza ufunguo.

Halafu nimenenepa. Sare mbili zimekataa kufunga vifungo. Wenzangu wananiambia nimenawiri, kwa ile sauti unayoijua. Msimamizi wetu hakuzunguka: alisema mbele ya watu, juu ya lundo la mashuka, kwamba wavutaji wa umri wangu huacha kwa mdomo, na kwamba kabla ya mwezi kwisha atanikuta nyuma ya boila ya maji moto nikipuliza moshi kama zamani. Wakacheka wote. Nami nilicheka nao.

Basi nimeanza mazoezi. Usije ukafikiri nimepata busara uzeeni. Ni ubishi mtupu. Saa nne, badala ya kwenda nyuma ya boila, nazunguka hospitali nzima kwa mwendo wa haraka. Siku ya kwanza nilizunguka mara moja tu nikashika ukuta wa wodi ya wazazi, nahema mpaka mkunga mmoja akatoka kuniuliza nina miezi mingapi. Sasa nazunguka mara tatu.

Na wewe je? Wewe una ngazi ya kreni, mazoezi unalipwa kuyafanya. Nieleze unavyojikaza, nipate pa kuiga.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika salama na imenichekesha, hasa habari za mkunga. Mimi huku sijambo kabisa. Jengo limefika ghorofa ya kumi na nne, nami niko juu yake kila siku ndani ya kibanda changu cha kreni. Wenzangu wa chini bado wananiita Ndege.

Kuhusu lile jambo letu, nimekoma na nimesahau. Tena nakimbia. Kilomita tano kila asubuhi kabla ya kazi, kutoka ninapopanga mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Mwanzoni ilikuwa ngumu, sasa mwili wenyewe unanidai. Siri, Dada, ni kujiwekea lengo na kutolegea. Mtu akiruka siku moja, basi, ameshaanza kurudi nyuma. Usijihurumie.

Simu isikuhangaishe, mtandao huku ni wa kubahatisha. Tuendelee na barua. Barua ina heshima yake.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Habari za tangi la maji? Mimi sijambo, ila nina jambo la kukuambia, na nimelizungukia siku nne kabla ya kushika kalamu.

Jumatatu nilivuta. Nusu. Msimamizi alikuwa amenipangia mashuka ya wodi mbili peke yangu, mashine moja ilikuwa imeharibika, na kipindi cha saa nne kilipita sijatoka. Jioni nilipita dukani, na mwenye duka, bila kuulizwa, akanisogezea pakiti yangu ya siku zote. Anasema alikuwa ananitunzia. Nilinunua moja tu, nikaivuta nimesimama kwenye kona ya soko. Katikati nikaiona mikono ya baba. Nikaizima, nikaenda nyumbani nikiwa nimejichukia kiasi kwamba sikula.

Kesho yake sikutaka hata kuviona viatu. Nilijiambia kwamba mtu aliyevuta jana anakimbia kwenda wapi. Halafu nikakumbuka barua yako, kwamba mdogo wangu wa mwisho, niliyembeba mgongoni, anakwenda kilomita tano. Nikaona aibu, nikavaa viatu kwa hasira.

Ila Mdogo wangu, lile la kutolegea halinifai. Lengo kubwa linanitisha, nabaki kitandani nikilitazama. Mimi nimejipa sheria moja: dakika kumi. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, na dakika kumi zikiisha, kama bado nachukia kila kitu, nina ruhusa ya kurudi. Mpaka sasa nimerudi mara mbili tu. Siku nyingine zote, zikifika kumi, naona haya kugeuza. Na kuanzia wiki iliyopita si kutembea tena, nakimbia nguzo mbili za umeme, natembea moja. Wanafunzi wananipigia makofi kwa kejeli. Nami nawapungia mkono kama mgombea ubunge.

Nimekuambia ukweli wangu kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Niandikie.

Dada yako


6 Mei

Mdogo wangu,

U mzima? Safari hii nauliza kwa dhati.

Wiki sita sijapata jibu. Simu yako imezimwa. Nilifikiri kreni imeanguka. Juzi nikatafuta namba ya ofisi ya mkandarasi wenu, nikaomba kujua habari za mwendesha kreni wao. Karani akaniuliza, "Yupi? Wa sasa au yule aliyeshushwa?"

Akanieleza kila kitu, maskini, akidhani najua. Kwamba mwanzoni mwa Februari ulikwama katikati ya ngazi, huwezi kupanda wala kushuka, ukateremshwa kwa kamba mbele ya watu wote. Kwamba daktari wa kampuni alikupima pumzi akakukatalia kupanda. Kwamba tangu siku hizo uko getini, unaandika namba za malori ya mchanga. "Na sigara haimtoki mdomoni," akasema.

Mwanzoni mwa Februari. Barua yako ya kilomita tano ni ya tarehe ishirini na saba.

Sasa najua kwa nini hukutaka simu. Kwenye simu ningekusikia. Karatasi haikohoi.

Unajua kilichoniuma? Si sigara. Mimi nilikufunulia nusu yangu niliyovuta kwenye kona ya soko, nikijiona takataka mbele yako, na wewe ukaisoma huku umeshika yako. Ungeniambia wakati ule tungekaa takataka wawili, tukacheka. Uliniacha peke yangu.

Jana asubuhi nililala macho wazi, nikajiuliza: kama yule niliyekuwa namfuata hakuwahi kutoka, mimi natoka kwa ajili ya nani? Nikatoka hivyohivyo, bila jibu, nikakimbia nguzo tano bila kusimama. Ni mara ya kwanza. Nilikuwa nakutukana kila nguzo.

Dada yako, bado


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi si mzima na sina haja ya kuficha tena.

Yote uliyoambiwa ni kweli. Baada ya mazishi nilikaa siku nne bila kuvuta. Siku ya tano nilinunua pakiti stendi, hata basi halijaondoka. Ile barua ya kilomita tano niliiandika nimekaa kitandani na sigara kwenye kisahani. Tangi la maji lipo kweli, naliona dirishani. Sijawahi kulifikia kwa miguu.

Hujui ilivyo kuning'inia kwenye kamba kama gunia, watu uliokuwa unawatazama kutoka juu miaka tisa wakikutazama kutoka chini. Kuna mmoja alisema, "Ndege katua." Jina hilo sasa wanalisema kwa namna nyingine. Ulitaka nikuandikie hayo? Wewe ulikuwa unapanda, mimi nashuka. Nilitaka angalau kwenye karatasi tuwe sawa.

Sasa nakuomba uniache. Usinihubirie, usinitumie sheria za dakika kumi. Baba alivuta mpaka mwisho na hakuna aliyemsumbua. Nami niachie yangu.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Sikuulizi kama u mzima. Umeshaniambia hapana, na ndilo neno la kwanza la kweli kutoka kwako mwaka huu. Nakushukuru kwa hilo.

Umeandika kwamba baba hakusumbuliwa na mtu. Ni mimi niliyekuwa naye miezi ile mitatu, wewe ulikuja wiki ya mwisho. Aliniomba nimsumbue. Aliniambia, "Mngenipigia kelele." Sikukuambia kwa sababu niliona ni mzigo wangu. Sasa ubebe na wewe upande mmoja.

Kwa hiyo sikuachi, na huna pa kunishtaki. Wala sihubiri, mimi nimevuta kabla hujajua kuwasha kiberiti. Ninachotaka ni kitu kimoja: kila Jumamosi nitumie karatasi yenye namba mbili. Umevuta ngapi siku hiyo, umetembea dakika ngapi. Ziwe mbaya kiasi chochote, ziwe za kweli tu. Nami nitakutumia zangu. Ukinidanganya nitajua, nina namba ya karani.

Msimamizi ameacha kusema nitarudi kwenye boila. Sasa anasema nitavunjika nyonga. Nimemwambia asubiri kwenye foleni.

Dada yako


Jumamosi, 29 Juni
Kumi na saba. Sifuri. Umefurahi?
Mdogo wako

Jumamosi, 6 Julai
Sifuri. Dakika ishirini na mbili. Sijafurahi, lakini karatasi yako nimeihifadhi.
Dada yako

Jumamosi, 20 Julai
Kumi na nne. Dakika sita. Nimezunguka uzio wa eneo la ujenzi upande mmoja. Dereva wa lori la mchanga akaniuliza nimepoteza nini.
Mdogo wako

Jumamosi, 17 Agosti
Tisa. Dakika kumi. Dada, zile dakika za mwisho zinaumiza kifua. Ni kawaida?
Mdogo wako

Jumatatu, 26 Agosti
Nimepata swali lako leo, nimemwuliza daktari wa hapa kwetu, sikutaka kubahatisha. Anasema uende ukapimwe tena kabla ya kuongeza hata dakika moja. Nenda. Usipokwenda nakuja kukushika mkono mbele ya hao madereva.
Dada yako

Jumamosi, 14 Septemba
Nimepimwa. Daktari anasema mapafu yamechoka ila hayajakata tamaa, nitembee polepole, nisikimbie kwanza. Saba. Dakika kumi na mbili.
Mdogo wako

Jumamosi, 12 Oktoba
Sifuri. Dakika kumi na tano. Siku ya tatu. Nimegombana na kila mtu aliyepita getini, pamoja na mkandarasi mwenyewe.
Mdogo wako

Jumamosi, 19 Oktoba
Kumi na moja. Sifuri. Usiandike kitu.
Mdogo wako

Jumamosi, 26 Oktoba
Sijaandika kitu. Mimi sifuri, dakika thelathini.
Dada yako


23 Novemba

Dada,

Shikamoo. Natumai hujambo na magoti hayajambo. Mimi naweza kusema sijambo bila kusita.

Nilikaa Jumamosi nne sikutumii namba kwa sababu sikuwa na uso. Halafu nikaona ujinga wake: namba mbaya ndizo ulizoziomba tangu mwanzo. Ile Jumamosi ya kumi na moja ilikuwa hivi. Walileta mwendesha kreni mpya, mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano. Akapita getini kwangu akanisalimia kwa heshima, akaniuliza kibanda cha juu kina tabia gani upepo ukivuma. Nilimjibu vizuri. Alipopanda nilimtazama mpaka akafika, halafu nikamaliza pakiti nzima, ile ndogo ya sigara kumi, na moja ya juu.

Siku iliyofuata nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza hasira yenyewe haikuwa juu yako wala juu yake. Nilimwonea hasira yule aliyenishusha, na ni mimi. Nikazunguka uzio wote. Tangu hapo nazunguka kila siku mara mbili, asubuhi na nikitoka kazini. Watu wanacheka. Naandika namba za malori yao huku nikihema, basi.

Leo ni siku ya kumi na tisa, sifuri. Sisemi nimekoma, neno hilo nililitumia vibaya. Nimepata likizo ya wiki mbili. Nakuja. Uniandalie kitanda na usiwaambie watu wa kwenu kwamba mimi ni mkimbiaji.

Mdogo wako


Jumapili, 8 Desemba, asubuhi. Mezani kwako.

Dada,

Umelala, na leo ni zamu yako kulala. Nimefungua mlango taratibu.

Siku zote hizi umenipitisha kwenye njia yako na kujifanya umechoka kila mimi ninapochoka. Unafikiri sioni. Unakimbia, Dada, nimekuona kona ya soko ulipojisahau, unakimbia kama mtu anayejua aendako. Kwa ajili yangu unarudi nyuma na kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka.

Leo sitaki kabisa kutoka. Kifua kizito, miguu inakataa, na tangu nilipofumbua macho nimefikiria sigara mara nyingi kuliko nilivyofikiria chakula. Ndiyo maana naondoka kabla hujaamka. Nataka nijue nikiwa peke yangu, bila wewe wa kukuonea haya, nitageuza wapi.

Usinifuate. Nikirudi nitakuambia nilifika nguzo ya ngapi, na itakuwa kweli.

Mdogo wako